Mkuu Asemaye Kutwa

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tumelelewa na methali hii, na hukumu yake ni moja: guu likivunjika, mwenye kosa ni mtoto. Methali haiulizi mkuu alisema mambo mangapi siku ile. Labda alikataza kupanda mwembe, kucheza juani, kula embe bichi, kukaa mlangoni na kuchungulia kisima, yote kwa sauti moja, hata neno la kisima likazama ndani ya mengine. Mtoto aliyetumbukia alikuwa amesikia. Alisikia mno.

Naitanguliza methali hiyo kwa sababu nataka kuhakiki maandishi ambayo wahakiki wetu hawana mazoea ya kuyagusa: nyaraka za lugha za programu, yaani kurasa rasmi zinazoeleza Python, PHP au Rust hufanya nini na hutumiwaje. Vijana wa Unguja wanaojifunza kuandika programu, wawe Amani, Vuga au Tunguu, husoma kurasa hizi siku hadi siku, pengine kwa saa nyingi kuliko wanavyosoma riwaya. Nazo ni nathari. Zina sauti, zina mpangilio, zina namna ya kumwona msomaji wao. Na nathari hiyo hujulikana ubora wake hasa pale inapoonya.

Kwa asiyezijua: katikati ya maelezo ya kawaida hujitokeza visanduku vyenye rangi. Kimoja kinasema "kumbuka", kingine "onyo", kingine "hatari". Mwandishi hapati tabu kuvitengeneza. Docutils, programu ambayo nyaraka za Python zimejengwa juu yake, inampa aina tisa zilizo tayari, ambazo kwa Kiswahili tungeweza kuziita zingatia, tahadhari, hatari, kosa, dokezo, muhimu, kumbuka, ushauri na onyo. Nani ataeleza bila kusita tofauti ya "zingatia", "kumbuka" na "muhimu"? Mwenye kalamu anaweza kujiaminisha kwamba anaijua. Msomaji anaona rangi tu. Na kwenye simu, ambako wengi wetu ndiko tunakosomea, kisanduku kimoja kirefu hujaza kioo kizima. Viwili vikifuatana, maelezo yenyewe huyaoni tena mpaka uvipite.

Kiswahili kingeweza kutusaidia hapa, kwa kuwa maneno yake ya kuonya hayana uzito mmoja. Onyo lina mamlaka nyuma yake: mzazi huonya, mwalimu huonya, na mfanyakazi aliyepewa barua ya onyo anajua kwamba barua nyingine huenda ikawa ya kumwondoa. Tahadhari inamwachia mtu mwenyewe kazi ya kujilinda. Angalizo linamwomba atupe jicho. Halafu kuna tanbihi, neno lililotoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni kumzindua mtu. Kwetu limeishia kuwa maandishi madogo chini ya ukurasa, yale ambayo wanafunzi wengi huyaruka.

Ngazi hizi si nadharia ya wanaisimu. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huzitumia. Taarifa zake za hali mbaya ya hewa zina ngazi tatu zenye rangi: angalizo kwa njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Chukua taarifa yake ya upepo na mawimbi uisome kama unavyosoma nathari nyingine. Inataja maeneo, mikoa ya pwani kwa majina, pamoja na visiwa vya Unguja na Pemba. Inataja kasi ya upepo kwa kilomita kwa saa na urefu wa mawimbi kwa mita. Uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake vinatajwa kila kimoja peke yake. Kisha inasema nini kinaweza kukwama: uvuvi, usafiri wa baharini. Vivumishi ni vichache, namba ni nyingi, na mvuvi wa Malindi anaweza kuamua kutokana nayo kama atatia ngalawa majini au ataiacha ufukweni.

Kisiwa kilichopoteza mamia ya watu katika ajali za MV Spice Islander ya Septemba 2011 na MV Skagit ya Julai 2012 hakina haja ya kuelezwa thamani ya neno linalosikika kwa wakati wake. Lakini ngazi tatu zina kazi kwa sababu nyekundu haitolewi kila wiki. Tuseme ingetolewa kila siku ya kusi, kwa kila wimbi. Msimu haungekwisha kabla ya watu kuizoea kama walivyozoea rangi ya kuta za nyumba zao. Hapo bahari isingepungua ukali. Kilichopungua ni uwezo wa mamlaka kuita watu.

Waandishi wa nyaraka za Python wanalijua hili. Mwongozo wao wa uandishi una sera ninayoiona ya kihakiki kuliko ya kiufundi. Unawataka waeleze lugha inafanya nini na itumiweje vizuri, badala ya kusimama kila kona na kutaja inavyoweza kumdhuru mtu. Isipokuwa penye hatari halisi ya usalama, au ya programu kuanguka vibaya, wasiseme kwamba kitu fulani ni cha hatari au ni cha mabingwa tu. Unakiri kwamba nyaraka zikirefuka zinaweza kuwa kikwazo cha kuelewa. Na kwa moduli ambazo kazi yenyewe ina hatari ndani yake, unakataza kutapanya visanduku vyekundu: hatari zikusanywe katika sehemu moja, na maelezo ya vipengele vinavyohusika yaelekeze huko.

Sera ikifika kwenye sentensi inakuwaje? Tazama sura ya nne ya mafunzo ya Python. Hapo msomaji anajifunza kwamba fanksheni, yaani kipande cha programu chenye jina na kazi yake, inaweza kupewa thamani ya kuanzia, itumike pale anayeiita asipotoa yake. Kuna mtego. Thamani hiyo hutengenezwa mara moja tu. Ikiwa ni orodha tupu, orodha hiyohiyo itatumika kila fanksheni inapoitwa, na vya jana vitakutwa humo leo. Ni kama muuzaji mwenye kikapu kimoja anayempa kila mteja bila kukimwaga: wa pili anakuta vitunguu vya wa kwanza.

Hapa mwandishi angeweza kuweka kisanduku chekundu. Badala yake kuna maneno mawili tu ya herufi nzito, yenye maana ya "onyo muhimu", yaliyotiwa ndani ya maandishi ya kawaida. Kisha sababu inaelezwa kwa ufupi. Kisha kuna fanksheni ya mistari michache inayoitwa mara tatu: jibu la kwanza lina 1, la pili lina 1 na 2, la tatu lina 1, 2 na 3. Mwisho msomaji anaoneshwa namna ya kuandika ili jambo hilo lisitokee. Sababu, ushahidi, njia ya kutokea. Haondoki na woga wa orodha. Anaondoka akijua zaidi jinsi Python inavyofanya kazi. Ukiyafuta yale maneno mawili ya herufi nzito, maelezo bado yanasimama. Napima maonyo yote kwa jaribio hilo: yavue rangi, uone kimebaki nini.

Kuna mahali ambapo rangi ni haki. Moduli ya `pickle`, ambayo jina lake kwa Kiswahili ni achari, huhifadhi vitu vya Python kwenye faili na kuvirudisha baadaye. Ukurasa wake una kisanduku chekundu mwanzoni kabisa: moduli hii si salama, usifungue data usiyoiamini. Sababu inatajwa papo hapo. Data iliyotengenezwa kwa hila inaweza kuendesha amri yoyote wakati inafunguliwa. Ni hatari isiyoonekana kwa macho, kwa sababu kitendo chenyewe ni cha upole, sawa na kufungua chupa ya achari uliyoletewa na mtu usiyemjua. Kisanduku hakiishii kutisha. Kinataja JSON kuwa njia iliyo salama zaidi. Hali kadhalika ukurasa wa `random`: unaonya kwamba namba zake za bahati nasibu zisitumike kwa mambo ya usalama, na papo hapo unampeleka msomaji kwenye `secrets`, moduli iliyoingia na Python 3.6 mwaka 2016. Haya ni maonyo yenye anwani. Msomaji anaambiwa asipite huku na anaoneshwa pa kupita.

Lakini sera hii ina udhaifu, na ni lazima usemwe. Moduli ya `subprocess` huendesha programu nyingine kutoka ndani ya Python, na hatari zake zimekusanywa katika sehemu ya mambo ya usalama, kama mwongozo unavyotaka. Kwa anayesoma ukurasa kutoka juu hadi chini, utaratibu ni mzuri. Nani husoma hivyo? Mwanafunzi mwenye kifurushi cha intaneti kinachokaribia kwisha hutafuta jina la fanksheni, hutua katikati ya ukurasa, hunakili mistari miwili na kuondoka. Hatari imeelezwa vizuri sana, mahali ambapo yeye hakufika.

Mwongozo wa PHP ulipokabiliwa na jambo kama hilo ulichagua njia nyingine. Fanksheni zake za zamani za kuwasiliana na hifadhidata ya MySQL zilitangazwa kupitwa na wakati katika PHP 5.5 mwaka 2013, na zikaondolewa kabisa katika PHP 7.0 mwaka 2015. Onyo la jambo hilo likabandikwa juu ya ukurasa wa fanksheni moja baada ya nyingine katika familia ile, likitaja mbadala wake. Anayezisoma zote mfululizo atachoka. Lakini hakuna anayezisoma zote mfululizo. Kila ukurasa ni mlango wa kuingilia, na bango liko mlangoni. Kwa hiyo uchache wa maonyo haupimwi kwa kuhesabu visanduku vya kitabu kizima. Unapimwa kwa msomaji mmoja kwenye ukurasa mmoja: pale alipo, anaonywa lililo lake, au anatupiwa yote?

Waliopita chuoni na msahafu mbele yao wanajua njia ya tatu. Juu ya mistari ya msahafu kuna alama ndogo za waqfu. Mim ndogo inamtaka msomaji asimame, lam-alif inamkataza kusimama, jim inamwachia hiari. Hakuna kisanduku wala aya inayokatwa katikati. Alama imekaa pale hasa ambapo pumzi ingekosea, na alama zenyewe ni chache kiasi kwamba mtoto huzijua kabla hajajua maana ya Kiarabu anachokisoma. Ulimi unaonywa na kisomo kinaendelea.

Rust, lugha iliyotoa toleo lake la 1.0 mwezi Mei 2015, imekaribia hapo. Vitendo vinavyoweza kuvunja usalama wa kumbukumbu ya kompyuta sharti viandikwe chini ya neno `unsafe`, yaani "si salama". Bila neno hilo programu inakataliwa. Nazo nyaraka za fanksheni za aina hiyo zina desturi ya sehemu moja yenye jina lilelile kila mahali, inayotaja masharti ambayo anayeiita lazima ayatimize. React nayo ina `dangerouslySetInnerHTML`, jina refu lenye neno "hatari" ndani yake. Huwezi kukitumia kitu hicho bila kuliandika neno kwa mkono wako mwenyewe. Onyo limehama kutoka kwenye ukurasa na kuingia kwenye lugha, likakutana na mtu pale anapotenda.

Yote haya yanaweza kuonekana mambo ya mapambo ya ukurasa. Kwa msomaji wa kwetu si mapambo. Aliyezaliwa na Kiingereza huipima sauti ya mwandishi: anasikia pale anapotia chumvi, pale anapojikinga, pale anapomaanisha kweli. Anayekisoma kama lugha ya pili, akiwa ameshika simu ndani ya daladala, mara nyingi hana sikio hilo bado. Anaitegemea rangi. Kila kisanduku cha bure kinamgharimu yeye zaidi. Akiviamini vyote, anahitimisha kwamba lugha hii ni ya mabingwa na kwamba bingwa si yeye. Akiacha kuviamini, basi siku atakapotengeneza mfumo wa duka la Darajani, wenye fedha na namba za simu za watu, atakiruka kisanduku cha `pickle` kama alivyoviruka vingine. Hasara ya kwanza ni yake, na ya pili ni ya wateja ambao hawatajua kamwe kwamba kulikuwa na onyo.

Mafunzo ya programu kwa Kiswahili yanaandikwa, na yataongezeka. Kishawishi cha kuanza kila aya kwa "Zingatia" ni kikubwa, kwa sababu neno hilo humpa mwandishi sura ya ualimu bila kumdai maelezo. Ningependa tuanze kwa ubahili. "Onyo" tuliweke kwa madhara yasiyorudishika: data iliyofutika, siri iliyovuja, mlango uliofunguliwa kwa mgeni. "Tahadhari" iwe ya mambo yatakayompotezea mtu siku nzima ya kazi. Kila moja itaje sababu yake na njia ya kupita, na ikae pale msomaji anapotua. Mengine yote yaelezwe kwa sentensi za kawaida, ndani ya aya, na mtu mwenye subira ya kueleza.