Kuoa, Kuolewa na Kuoana: Sarufi ya Shujaa wa Kike katika Filamu za Katuni Zitokanazo na Ngano

Uhakiki wa kifeministi wa filamu za katuni zitokanazo na ngano umezoea kuuliza nani anaokoa na nani anaokolewa. Kwa kipimo hicho, Snow White wa mwaka 1937 huhesabiwa kuwa mhusika aliyelala akisubiri kuamshwa, ilhali Anna wa Frozen (2013) husifiwa kwa kumwokoa dada yake. Kipimo hiki kina manufaa, lakini makala haya yanadai kwamba hakiitoshelezi hadhira ya Kiswahili. Kinachunguza matukio yanayoonekana na kuiacha sarufi inayoyasimulia.

Hadhira hiyo aghalabu huipokea filamu kupitia msimulizi: mfasiri wa filamu, kama alivyokuwa Lufufu, au kaka anayewaeleza wadogo zake. Ngano nyingi huishia harusini, hivyo msimulizi huyo hakwepi kitenzi -oa na mnyambuliko wake. Baba huoza, mume huoa, mke huolewa, na binti asiyeulizwa huozwa. Kauli ya kutendana, wakaoana, ndiyo pekee inayowafanya wote wawili kuwa watenda. Kinyakyusa nacho hutumia ukwega, kitenzi chenye pia maana ya kuchukua, kwa mwanamume, na kauli ya kutendwa kwa mwanamke. Mwanafunzi wa Mbeya anayevuka kutoka lugha moja kwenda nyingine hakuti hapo jambo la kumshtua.

Tuichukue Cinderella (1950). Iringa ni mkoa ambao wasichana wake wamekuwa wakienda mijini kufanya kazi za ndani kwa miaka mingi. Kwa mtazamaji wa huko, msichana anayepiga deki bila ujira si kiumbe wa kubuni. Cinderella anapiga deki, anapeleka kifungua kinywa, anatunza wanyama. Na kiatu kinapovunjika, ni yeye anayetoa cha pili. Vitenzi hivi vyote viko katika kauli ya kutenda. Msimulizi akihitimisha kwa akaolewa, mtenda wa hadithi nzima anageuka mtendwa katika neno la mwisho, na ndoa inachukua nafasi ya mshahara aliodhulumiwa. Akisema wakaoana, utenda wake unabaki, ingawa deni la kazi bado halijalipwa.

Merida wa Brave (2012) anaidhihirisha mipaka ya lugha kwa uwazi zaidi. Katika shindano la kulenga shabaha lililoandaliwa ili apatikane wa kumwoa, anajitokeza kushindana na kuwashinda wachumba wote, akidai tuzo ambayo ni yeye mwenyewe. Kiambishi -ji- kingetarajiwa kumsaidia, lakini kujioa huzua kicheko. Msimulizi hulazimika kuzunguka: anataka kujiamulia. Tafsiri hiyo inafaa, ila inamwondoa Merida kwenye uwanja wa kitenzi alichokuja kukipinga.

Yawezekana kujibiwa kwamba kuolewa ni mazoea tu ya lugha, na kwamba wanawake wengi hutamka nimeolewa kwa fahari. Hoja hiyo ina uzito. Aidha, Kiswahili hakibagui jinsia katika kiambishi a-, na neno shujaa linawatosha wote. Hata hivyo, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa idhini ya mzazi, ilhali mvulana alisubiri hadi 18. Katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016 kwamba vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Mahakama ya Rufani ikaafiki mwaka 2019. Kwa msichana wa umri huo, tofauti kati ya kuolewa na kuozwa haiishii katika sarufi.

Kwa hiyo, wanafunzi wa fasihi katika vyuo vya Nyanda za Juu Kusini wanapohakiki filamu hizi, wakusanye pia masimulizi yake ya Kiswahili na kuainisha kauli za vitenzi vyake. Hapo ndipo itakapojulikana kama shujaa aliyejikomboa kwenye skrini amesalimika katika masimulizi.