Kupokezana Bila Kunakili

Tangu 2015 watu wa kujitolea wa Crowd2Map Tanzania wamekuwa wakichora vijiji vya mkoa wa Mara kwenye ramani huria ya OpenStreetMap: vichochoro, nyumba, vijito. Wilayani Serengeti ramani hizo huwasaidia wanaharakati kumfikia haraka binti anayekimbia ukeketaji. Kazi hiyo inastahili kila sifa, lakini nyuma yake kuna ufundi mwingine ambao hauonekani, nami naupenda sana.

Nazungumzia libosmium, maktaba ya programu katika lugha ya C++, iliyoandikwa na Jochen Topf kwa ajili ya kusoma data za ramani hiyo. Humo, kipande cha Mto Mara ni msururu wa nukta, na kila nukta ni baiti 16: nane za namba yake, nane za mahali ilipo. Msururu huo huitwa mstari, na mstari mmoja huruhusiwa nukta zisizozidi 2,000, yaani baiti 32,000 za nukta peke yake. Programu hugawa kazi kwa fankisheni: moja husoma, ya pili huchuja, ya tatu huchora. Kila moja ikiikabidhi inayofuata nakala, kompyuta itashinda ikihamisha mto ule ule. Kinachopitishwa, basi, ni anwani tu ya mahali data ilipo kwenye kumbukumbu, kwa kawaida baiti nane. Anayetafuta nyumba Nyamongo habebewi nyumba, huelekezwa ilipo.

Kinachonivutia zaidi ni msimamo wa fundi huyo. Hakuliacha jambo hili kwenye hiari ya mtumiaji. Ukijaribu kunakili mstari uliomo ndani ya bafa, yaani eneo la kumbukumbu zinamowekwa data, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) inakataa na programu haijengeki. Bafa nzima nayo hainakiliki. Huhamishwa tu, mwenye nayo wa kwanza akabaki mikono mitupu, kwa uwezo ulioingia katika C++ mwaka 2011. Na fankisheni inayopewa anwani inaweza kupewa kwa sharti la kusoma, isibadili kitu.

Lakini anwani ni amana. Bafa ikifutwa huku kuna fankisheni ambayo bado inaishikilia anwani yake, huenda ikasoma takataka, na hitilafu ya namna hiyo husumbua kuliko programu inayokwenda polepole. Ndiyo maana mahali pa nukta moja, baiti nane tu, panaweza kunakiliwa bila kusita: anwani yake isingekuwa nyepesi zaidi. Mistari mirefu hubaki ndani ya bafa, ikasomwa na kuchujwa hapo hapo, hadi kazi iishe na bafa iachiliwe.