Nyumbani Mwangu, Nyumbani Kwetu: Kuisoma Nyumba kutoka Mirdif

Sarufi ya Kiswahili humpa msemaji nyumba tatu kwa neno moja. Neno nyumba likishatiwa kiambishi -ni, mwenye nalo ana hiari ya kusema nyumbani pangu, nyumbani kwangu au nyumbani mwangu. Pa hutaja mahali mahususi, panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Ku hutaja upande, mahali pasipo mipaka iliyo wazi. Mu hutaja ndani. Wanafunzi hufundishwa jambo hili kama kanuni ya upatanisho wa kisarufi, wakalijibia mtihani, kisha wakalisahau. Nilikuwa mmoja wao.

Nililazimika kulitafakari upya hapa Mirdif, jioni moja mgeni wetu kutoka Mombasa alipomwuliza binti yangu wa miaka tisa, “Haya mwanangu, kwenu wapi?” Mtoto akajibu bila kusita, “Kwetu Mirdif.” Sisi wakubwa tukacheka. Bibi yake, aliyekuwa amekuja kututembelea, akamsahihisha kwa upole: “Siyo, mjukuu wangu. Mirdif mnakaa tu. Kwenu Unguja.” Mtoto huyu hajawahi kuishi Unguja hata mwezi mmoja kamili.

Kicheko chetu kilinirudisha kwenye vitabu. Nilitaka kujua fasihi yetu ingetoa ushahidi upande gani, wa bibi au wa mjukuu. Tumezoea kuisoma kana kwamba ni shahidi wa bibi: nyumba halisi ni ile iliyoachwa nyuma, na kwingine kote ni kukaa tu. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba ushahidi wenyewe, ukisikilizwa vizuri, unaelekea kwa mjukuu, ingawa umebeba onyo ambalo hakuna kati yao atakayelipenda.

Kwanza, Mirdif yenyewe. Ni mtaa wa makazi wa Dubai, jirani na uwanja wa ndege, upande wa jangwani, si mbali na bustani ya Mushrif yenye miti ya ghaf. Nyumba zake nyingi ni zile ziitwazo vila, kila moja nyuma ya ukuta na lango lake. Ndege hupita juu ya mapaa, nasi tumejifunza kuikata sentensi katikati, kusubiri, kisha kuimalizia. Wageni wengi hapa ni wapangaji. Mkataba kwa kawaida ni wa mwaka mmoja, husajiliwa katika mfumo uitwao Ejari, na kodi hulipwa kwa hundi zilizoandikwa tarehe za mbele. Kibali cha ukaazi nacho, kwa walio wengi, kimefungwa kwenye ajira: kazi ikikatika, nyumba nayo huanza kuhesabu siku. Mwaka 2008 Manispaa ya Dubai iliendesha kampeni ya vila moja, familia moja, kwa ajili ya kuzuia msongamano. Nia yake inaeleweka. Lakini Mswahili anayeisikia kauli ile hujiuliza familia inaishia wapi. Je, shangazi yumo? Mpwa aliyekuja kutafuta kazi yumo? Kwetu sisi, watu wa nyumba moja ni hesabu ambayo haifungwi.

Sasa turudi kwenye maandishi. Kilele cha ushairi wa nyumba katika Kiswahili ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19 huku mshairi akiyatazama majumba ya Pate yaliyokwisha kuporomoka. Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu Ujerumani, niliitengea sura nzima nikiisoma kama utenzi wa magofu. Leo naona nilitazama kuta kupita kiasi. Mshairi anazitaja taa, vyombo na zidaka, ni kweli, lakini kila anapovitaja swali lake ni moja: wenyewe wako wapi? Kinachomtisha ni kwamba wadudu na ndege wamechukua nafasi ya sauti za watu. Lugha yetu yenyewe inaitambua tofauti hii. Gofu ni jina la jengo lililobomoka. Mahame ni jina linalotokana na kuhama, yaani mahali hupewa jina na kitendo cha watu kuondoka, hata kama kuta zingali zimesimama. Nikiisoma hivyo, Al-Inkishafi ni utenzi wa mahame. Na kama nyumba hufa watu wanapoondoka, basi yapasa pia ikubalike kwamba nyumba huzaliwa watu wanapoingia.

Shafi Adam Shafi analithibitisha jambo hili kwa njia ya riwaya. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) kichwa cha kitabu tayari kinampa bwana nyumba yake. Kijakazi, aliyeumaliza umri wake katika kumtumikia, anaijua kasri ile kuliko mwenye nayo, lakini hana haki ya kuiita kwetu. Ana mu, hana ku. Miaka ishirini na mmoja baadaye, katika Vuta N’kuvute (1999), mwandishi anaigeuza picha. Yasmin yumo ndani ya ndoa na nyumba ya Bwana Raza, mume mzee asiyempenda. Anapoikimbia ndoa ile, jamaa zake wanamkataa. Anayempokea ni Mwajuma, wa Ng’ambo, asiye na mali wala nasaba ya kujivunia. Riwaya hii husomeshwa kama hadithi ya mapenzi yanayovuka mipaka ya rangi na ya harakati dhidi ya ukoloni, na ndivyo ilivyo. Lakini pia ni riwaya ya milango, ule unaofungwa na ule unaofunguliwa. Yasmin anapata mahali kwa Mwajuma, na neno kwa katika Kiswahili haliulizi hati. Humtaja mtu, mahali pakafuata.

Aliyeifikisha hoja hii mbali zaidi aliandika kwa Kiingereza, ingawa dunia anayoisimulia ni yetu. By the Sea (2001) ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021, husomwa aghalabu kama riwaya ya ukimbizi: mzee Saleh Omar anashuka Gatwick akiwa na kijisanduku cha udi, na afisa wa uhamiaji anamnyang’anya. Mimi naisoma kama riwaya ya hati. Hussein, mfanyabiashara aliyekuja na msimu kutoka Bahrain, anakopa fedha kwa Saleh Omar kwa dhamana ya nyumba ya Rajab Shaaban Mahmud, kisha harudi tena. Saleh Omar anaidai nyumba, anaipata, na kwa kuipata anavuna uadui utakaomfikisha jela. Karatasi moja inazila nyumba mbili. Miaka mingi baadaye, Latif, mwana wa Rajab, ambaye ni mhadhiri, anamtembelea mzee huyo katika makao ya kupewa, mjini kando ya bahari ya Uingereza. Hakuna kati yao anayeyamiliki makao yale. Ni humo, kwa chai na maneno, ambamo yaliyovunjwa na hati yanaanza kuungwa.

Kwamba Gurnah alimtoa Hussein Ghuba si ajabu. Kabla ya mafuta, majahazi yalibeba boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji kuja kuezeka nyumba za huku. Mgeni anaweza bado kuziona darini, katika nyumba kongwe za Al Fahidi, kando ya Khor ya Dubai. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, Lamu sawasawa na Dubai. Basi mtu wa pwani akisema hapa si kwao, vyumba vya zamani vya mji huu vilipimwa kwa miti ya kwao. Hata majilisi, iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2015 katika orodha ya urithi usioshikika, ina undugu na baraza yetu: zote mbili ni sehemu ya nyumba aliyotengewa asiyekuwa wa nyumba.

Lakini hapa sina budi kuipinga hoja yangu kabla haijawa tamu mno. Ni rahisi kusema kwetu ni watu. Neno kwetu halimzuii mwenye nyumba kupandisha kodi, wala halirefushi kibali cha ukaazi. Saleh Omar alikuwa na maneno mengi, na hayakumwokoa. Yasmin alipokelewa, lakini kupokelewa si kuwa na amani ya kesho. Fasihi yetu haimpi binti yangu hati ya Mirdif, na mhakiki anayemwahidi hati kwa jina la fasihi anamdanganya. Inachompa ni haki ya kiambishi. Tunapomwambia kwamba hapa anakaa tu, tunampa kwao asikokujua na kumnyang’anya kwao anakokujua, na tunafanya hivyo kwa jina la vitabu ambavyo havikusema hivyo.

Waandishi nao wana deni. Mbali na Nyumbani (2013) ya Shafi, inayosimulia safari za ujana wake, inaifanya nyumba kuwa kipimo cha umbali, na wengi wetu tumeendelea kuupima umbali huo kutoka upande mmoja tu. Nangojea riwaya ya Kiswahili ambayo nyumba ya kupanga ndiyo kitovu chake: yenye lango, hundi nne, chumba cha kijakazi alicholala mjomba kwa miezi sita, na mtoto anayejua ni saa ngapi ndege kubwa hupita.

Bibi amekwisha rudi Unguja. Juzi alipiga simu, akamwuliza mjukuu wake, “Huko kwenu joto limepungua?” Sidhani kama alijisikia. Binti akajibu kwamba limepungua kidogo, kisha akanyamaza kungojea ndege ipite, ndipo akaendelea kumweleza habari za paka wa jirani.