Kusikika na Kusikilizwa: Sauti za Kamina katika Missa Luba

Kiswahili hutofautisha kusikika na kusikilizwa. Sauti ikilifikia sikio imesikika. Husikilizwa pale tu msikilizaji anapoipa nafasi ya kusema jambo. Makala haya yanaihakiki Missa Luba kwa kutumia tofauti hiyo, na yanadai kwamba kazi hii, iliyosikika katika mabara mengi, bado haijasikilizwa ipasavyo.

Misa hii ilizaliwa Kamina, Katanga, mji uliounganishwa na Kabalo kwa reli mwaka 1956. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliunda huko kwaya ya wavulana na walimu iliyoitwa Les Troubadours du Roi Baudouin. Misa iliimbwa katika ibada kwa mara ya kwanza mwezi wa Machi 1958, na mwaka huohuo kwaya ikasafiri Ulaya. Maneno yake ni ya Kilatini, kama Kanisa lilivyotaka kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962-1965). Lakini muziki wake ni wa Waluba na majirani zao.

Kyrie imeimbwa kwa mtindo wa kasala. Katika fasihi simulizi ya Waluba, kasala ni utanzu ambao mghani humtaja mtu kwa majina yake ya sifa na kwa nasaba yake, hasa wakati wa msiba. Uteuzi huo una mantiki yake: sala inayomwomba Bwana asikie na ahurumie imetiwa ndani ya utanzu ambao kazi yake ni kuita.

Sanctus nayo imejengwa juu ya wimbo wa kuagana wa Kiluba. Kiluba ni lugha ya toni. Lahani ya wimbo haiwezi kuachana sana na toni za maneno bila kuhatarisha maana. Kilatini hakina toni. Maneno ya asili yalipoondolewa, lahani ilibaki ikibeba kivuli chake. Kwa msikilizaji anayeujua wimbo wa asili, huzuni ya kuaga ingali chini ya neno la kutukuza. Hapo ndipo ulipo utajiri wa kazi hii, na hapo ndipo inapopotea. Mwaka 1968 Lindsay Anderson aliitumia Sanctus katika filamu yake if...., inayohusu uasi wa wanafunzi wa shule ya bweni ya Kiingereza. Watazamaji wengi walipokea uzuri wa sauti, kuaga hakukuwafikia.

Kasoro ya pili imo katika noti. Sehemu kubwa ya Misa ilibuniwa na waimbaji papo hapo. Noti zilizochapishwa baadaye ziliugandisha ubunifu huo, na kwaya zinazozifuata hurudia mapambo ya wengine kana kwamba ni amri. Isitoshe, jina linalotangulia ni la Haazen. Miongoni mwa waimbaji hutajwa Joachim Ngoi, aliyeongoza kwa sauti ya pekee. Wengi wa wenzake wamemezwa na jina la kwaya, nalo ni jina la mfalme wa Ubelgiji. Utanzu wa kutaja majina umeenea duniani kwa kuyafuta majina ya waliouimba. Si haki kumtwika padre lawama yote, kwani bila juhudi yake Misa isingerekodiwa. Lakini kukusanya sauti na kuzitunga ni kazi mbili tofauti, na mhakiki hana budi kuzitenganisha.

Mwaka 1988 Roma iliidhinisha misale ya majimbo ya Zaire. Kama muziki wa Kiafrika unastahili kuingia altareni, si swali tena. Swali lililobaki ni la wanafasihi na wanaisimu: nyimbo za kuagana na kasala zikusanywe kwa wazee wa Kabalo na Kamina wanaozijua, maneno na toni zake ziandikwe, kisha zilinganishwe na santuri ya Kamina. Bila kazi hiyo, Missa Luba itaendelea kusikika tu.