Kitara cha Mjapani na Jina Lisiloandikwa

Wakusanyaji wa vitara vya Kijapani vya Vita Kuu ya Pili ni wasomaji hodari. (Nasema kitara makusudi, yaani upanga uliopinda. Hapa Kisinga mwanafunzi akisikia “panga” huwaza la kufyekea mgomba, na akisikia “Kitara” huwaza ufalme wa Bunyoro; mwalimu hana budi kueleza.) Mkusanyaji huchomoa kijiti cha mwanzi, akavua mpini, akasoma jina la mhunzi lililochongwa kwenye chuma kilichozama ndani yake. Kutu ya hapo haisuguliwi, kwani ndiyo shahidi wa umri. Hivyo hutenga kitara cha kurithi, kilichofuliwa kwa mkono na kuvishwa ala ya kijeshi, na kile cha kiwandani cha mfano wa 1935, walichopewa masajenti, chenye nambari iliyopigwa kwenye bapa.

Usomaji huo nausifu; wahakiki wa miswada yetu ya kale hawaupiti kwa uangalifu. Lakini huishia nusu. Kilivyofuliwa kitara hujazwa kurasa. Kilivyomtoka mwenyewe hufungwa kwa maneno mawili: nyara, Burma.

Nyara za nani? Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kikosi cha 4 cha King's African Rifles kutoka Uganda, ilipita bonde la Kabaw katika mvua, tope na malaria, ikafika Kalewa, kando ya mto Chindwin, mwezi Desemba. Hao hawamo katika maelezo. Waliomo ni wakubwa: Terauchi aliyesalimisha vitara viwili Saigon tarehe 30 Novemba 1945, na Mountbatten aliyevipokea, kimoja kikapelekwa kwa mfalme wa Uingereza.

Mkusanyaji atajitetea kwamba yeye husoma kilichoandikwa tu. Utetezi huo una uzito, na ndiyo sababu ya kutazama nishani ya Burma Star waliyotunukiwa askari wale. Waingereza waliitoa bila kuchonga jina la mwenyewe. Kitara humtaja mhunzi. Nishani haimtaji aliyeivaa. Ikitengwa na cheti cha kuachishwa jeshi, haiwezi tena kumtambulisha mtu. Vyeti hivyo, popote vilipo masandukuni mwa wajukuu, Bwera au kwingineko, ndivyo ningependa kuona vikikusanywa kwa bidii ile ile.