Chumvi Ndani ya Distributa

Barabara ya kwenda kisiwa cha Funzi huishia Bodo. Ukitoka Msambweni kuelekea Lunga Lunga unakata kushoto, unateremka mpaka ufukweni, na kutoka hapo ni boti kupita kando ya mikoko. Gari halivuki. Kwa sababu hiyo fundi wa upande huu huwa wa nchi kavu na wa majini kwa pamoja: asubuhi anafungua mashine ya boti, alasiri yuko chini ya Peugeot 504.

Gari hilo lilitoka Ufaransa mwaka 1968, na mwaka 1975 Ove Andersson wa Uswidi alishinda nalo Safari Rally. Machache yaliyobaki pwani sasa yanabeba samaki na magunia ya nazi. Maradhi yake yanayowatesa wenyewe ni kukosa moto: injini inatetema, inakohoa, inakosa nguvu, halafu inatulia pasipo mtu kuigusa. Wiki ijayo inarudia.

Hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko popote. Injini iliyokufa hukaa ikakungoja uikague. Inayokosa na kupona yenyewe humfikia fundi ikiwa nzima, na injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika inataka cheche 100 kila sekunde. Utajuaje ni ipi iliyopotea? Wengi hawasumbuki kujua. Leo wanabadilisha plagi, kesho koili, kesho kutwa kabureta. Siku moja injini inatulia na hakuna anayejua kilichoiponya ni nini. Mimi huo siuiti ufundi.

Dereva mmoja wa pikapu alifika Bodo na malalamiko hayo hayo. Fundi, mtu mzima mwenye kofia ya vito, hakushika hata spana.

“Ikikosa, hukosa saa ngapi?”

“Alfajiri, mzee. Nikifika Msambweni inakuwa imeshatulia.”

“Na kiangazi?”

“Kiangazi haina neno. Ni mvua zikianza.”

“Ukiwa na mzigo je?”

“Mzigo usiwe mzigo, mamoja.”

Majibu hayo yalikwisha kufunga milango kadhaa. Valvu iliyoungua ingekosa mchana kutwa. Petroli chafu ingesumbua zaidi gari likienda mbio na mzigo. Koili inayokufa kwa kawaida huanza vituko ikishapata moto, na hii ilikuwa inapona kwa moto. Ugonjwa wa alfajiri, wa msimu wa mvua, unaokauka injini ikipasha, ni ugonjwa wa unyevu.

Na unyevu wa pwani una chumvi. Kusi inapovuma hubeba rasharasha za bahari hadi ndani ya boneti, na chumvi ikigandamana na waya na kofia ya distributa hunyonya maji ya hewa usiku kucha. Chumvi mbichi hupitisha umeme. Koili huchukua volti 12 za betri na kuzipandisha hadi kufikia 20,000 au zaidi, na umeme wa nguvu hizo ukiona njia rahisi juu ya kofia kwenda kwenye chuma cha injini, hauna haja tena ya kuruka mwanya wa plagi ndani ya silinda iliyojaa mgandamizo.

Bado alikuwa hajathibitisha. Gari lililala pale pale. Alfajiri, giza halijatoka, aliliwasha boneti ikiwa wazi na taa zimezimwa, na nikaviona kwa macho yangu: vicheche vya buluu vikitambaa upande wa kofia. Kwa koleo yenye mpira akavuta waya za plagi, moja moja. Ya kwanza, injini ikalegea. Ya pili, ikalegea. Ya tatu, haikubadilika hata kidogo. Akazima, akaweka waya nyingine mahali pa ile ya tatu, akawasha. Silinda ya tatu ikaendelea kukosa, kwa hiyo waya haikuwa na kosa. Akahamisha plagi, ikawa vile vile. Hakugusa viwili kwa mpigo. Mwisho akaivua kofia, akaifuta kwa kitambaa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa kwanza. Palikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele, kutoka tundu la tatu mpaka ukingoni: plastiki iliyounguzwa na umeme unaovuja, ikageuka makaa, na makaa nayo hupitisha umeme.

Kofia nyingine kuukuu, waya zikasuuzwa kwa maji baridi na kukaushwa, basi. Dereva alinung'unika kwamba kazi ilikuwa ndogo. Wateja wetu hulipia kipuri bila kinyongo na hulia wakilipia fikira, na jambo hilo linaniuma, maana kijana anayejifunza karakana huona pesa inaingia kwa njia gani akaifuata hiyo hiyo.

Magari mapya yana kompyuta. Ukichomeka mashine ya kupimia, msimbo P0303 utakuambia silinda ya tatu inakosa. Hautakuambia kwa nini, wala hautamuuliza mwenye gari huwa saa ngapi.

Baharini swali hilo ni zito zaidi. Mashine ya boti ya silinda mbili ikipoteza moja, sehemu kubwa ya nguvu yake imekwenda, na huenda ndani mna mama mjamzito wa Funzi anayewahishwa hospitali ya Msambweni huku kusi ikivuma. Nahodha akileta mashine inayokosa mawimbi yakiwa makubwa tu, fundi yule huiacha kwanza. Humimina petroli ya tangi katika chupa nyeupe na kuisimamisha kivulini. Kama maji yameingia, yatashuka chini ya petroli na kujitenga, naye atajua aanzie kusafisha wapi.