Mkono Unaosoma Mfupa

Mtu akisimulia kwamba jirani yake amewekewa vyuma mgongoni, wasikilizaji huuliza habari za vyuma: ni vingapi, vina uzito gani, vitatolewa lini. Ninachokistaajabia mimi ni tundu. Skrubu yenyewe hufika thieta ikiwa imeshatengenezwa, safi, imepangwa kwenye sinia kwa saizi. Kazi ya daktari ni kuichongea njia ndani ya mfupa, mahali ambapo jicho halioni, na njia hiyo ndiyo inayoamua kama mgonjwa atatembea akiwa na nafuu au atarudi hospitalini.

Kiunoni tuna pingili tano, madaktari huziita L1 hadi L5. Mbele ya kila pingili kuna pande nene la mfupa linalobeba uzito wa mwili. Nyuma kuna upinde unaozunguka mfereji wa mishipa ya fahamu. Kinachounganisha mbele na nyuma ni vipande viwili vifupi vya mfupa, kimoja kulia na kimoja kushoto, navyo kitaalamu huitwa pedikeli. Upana wake kwenye L1 ni kama milimita 8 au 9, na kwenye L5 hukaribia 18. Humo ndimo skrubu yenye unene wa milimita 6 au 7 inamotakiwa kupita. Ukutani upande wa ndani umelala mfuko wa neva, na chini ya pedikeli unapita mzizi wa neva unaoteremka mguuni. Kosa la milimita chache linatosha kumwamsha mgonjwa akiwa na mguu uliokufa ganzi.

Njia hii haikupatikana kwa siku moja. Mwaka 1944, Don King wa Marekani aliandika juu ya kupitisha skrubu fupi kwenye viungo vidogo vilivyo nyuma ya pingili. Mwaka 1959 Boucher, daktari wa Kanada, alitumia skrubu ndefu zaidi iliyovuka kiungo hicho na kuzama kwenye pedikeli. Kisha Raymond Roy-Camille, jijini Paris, alianza mwaka 1963 kufunga bamba la chuma kwa skrubu zilizopita moja kwa moja ndani ya pedikeli na kufika kwenye pande la mbele. Yeye alizielekeza mbele bila kuzipinda. Waliomfuata, akiwemo Friedrich Magerl wa Uswisi, walianzia nje zaidi na kuzielekeza ndani, ya kulia na ya kushoto zikakaribiana kwenye ncha zake za mbele. Skrubu ikawa ndefu zaidi, na mbili zilizoelekeana namna hiyo ni ngumu kung'oka kuliko mbili zilizokwenda sambamba.

Hebu tuitazame kazi yenyewe kwa karibu. Mgonjwa amepigwa nusu kaputi, amelazwa kifudifudi, tumbo limeachwa lining'inie bila kubanwa ili damu isijae kwenye mishipa ya mgongoni. Misuli imesogezwa kando. Daktari anatafuta mahali ambapo tawi la pembeni la pingili linakutana na ukingo wa nje wa kiungo cha juu. Anakwangua gamba gumu la mfupa mpaka doa dogo jekundu litokee: hiyo ni damu ya mfupa laini wa ndani, na ndiyo ishara kwamba mlango wa pedikeli uko hapo.

Sasa anachukua kifaa butu, chenye ncha iliyopinda kidogo. Kwa sentimita mbili za mwanzo, upindo anauelekeza nje, mbali na neva. Baada ya hapo anakitoa, anakigeuza upindo uelekee ndani, anakirudisha na kuendelea hadi kwenye pande la mbele. Hapigi nyundo wala hakimbilii. Anasukuma huku akikizungusha kulia na kushoto, na mkono unasikiliza. Mfupa laini hukwaruza kwa usawa, mfululizo. Ukigoma ghafla, ncha imegusa ukuta. Ukiachia ghafla, ukuta umetoboka.

Hatua inayofuata ndiyo naiona kuwa kiini cha ustadi huu. Daktari anaingiza waya mwembamba wenye kitufe kidogo nchani, anapapasa kuta nne za tundu, juu, chini, ndani na nje, kisha anagusa sakafu. Kama mahali popote kitufe kinadumbukia, njia hiyo haifai na itabidi itafutwe nyingine. Anatengeneza nafasi ya nyuzi za skrubu kwa kifaa chembamba kuliko skrubu yenyewe kwa milimita moja, ili itakapoingia ibane vizuri. Anapapasa tena. Ndipo skrubu inaingia, taratibu. Watafiti wa Japani waliopima jambo hili mwaka 1997 waligundua kwamba kiasi cha asilimia 60 ya nguvu inayozuia skrubu isichomoke hutoka kwenye pedikeli, wala si kwenye lile pande kubwa la mbele. Tundu likilegea hapo, urefu wa skrubu hauokoi.

Tatizo la njia hii ni uzee. Kadiri miaka inavyokwenda, hasa kwa kina mama waliokoma hedhi, mfupa laini wa ndani huzidi kuwa na matundu, na kila seremala anajua kwamba skrubu kwenye ubao uliooza huzunguka bila kushika. Mwaka 2009 Santoni na wenzake wa Marekani walieleza njia nyingine, inayofuata gamba gumu la mfupa. Huanzia karibu zaidi na katikati ya mgongo, chini, halafu hupanda juu kwa kama nyuzi 25 na kwenda nje kwa kama nyuzi 10. Kwa hiyo hupakimbia mahali pa neva badala ya kupaelekea. Skrubu yake ni nyembamba na fupi, mara nyingi milimita 5 kwa 30 hivi, lakini katika kipimo chao ilihitaji nguvu zaidi kwa asilimia 30 ili ichomolewe. Mlango wake ukiwa karibu na katikati, kidonda ni kidogo, misuli haivutwi mbali, na kiungo cha pingili ya juu hakiguswi.

Kila faida hapa ina bei yake. Gamba gumu halisukumiki kwa kifaa butu. Hutobolewa kwa mashine, na mkono hupoteza sehemu ya ule usikivu. Ukikosea mwelekeo, mfupa uliobaki wa kurekebishia ni mdogo, na unaweza kupasuka. Kama daktari ameshaondoa sehemu ya nyuma ya pingili ili kupunguza mgandamizo wa neva, au sehemu hiyo ilikuwa imevunjika tangu zamani, mlango wenyewe huwa haupo. Na skrubu fupi haifiki mbele, hivyo kwa pingili iliyopasuka vipande au mgongo uliopinda sana, njia ndefu ya zamani bado ndiyo tegemeo.

Ipo pia namna ya kupita kwenye ngozi kupitia vitundu vidogo, bila kufungua mgongo. Njia ya skrubu ni ileile ya pedikeli, ila sasa eksirei ndiyo jicho. Waya mwembamba hutangulia, na skrubu yenye tundu katikati huufuata. Hapo msaidizi ana kazi moja ngumu kuliko inavyoonekana: kuushika waya usisogee hata kidogo wakati vifaa vinabadilishwa, kwa sababu ukisukumwa mbele utatoboa pingili na kukuta mishipa mikubwa ya damu ya tumboni. Misuli hupona haraka, lakini timu nzima hupokea mionzi zaidi, na mkono haupapasi kuta kwa uhuru uleule.

Basi ipi bora? Jaribio la Korea Kusini lililochapishwa mwaka 2015 lilizilinganisha njia ya kawaida na ile ya gamba gumu kwa wagonjwa waliounganishwa pingili za kiuno. Baada ya mwaka mmoja, idadi ya waliounganika ilikaribiana. Wa njia mpya walipoteza damu kidogo na kupasuliwa kwa muda mfupi. Matokeo hayo yanafaa kusomwa kwa kuzingatia nani yuko mezani. Kwenye Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, wengi wanaoletwa na majeraha ya uti wa mgongo ni watu wa ajali za barabarani na walioanguka kutoka juu. Kijana wa bodaboda aliyepasuka L1 ana mfupa mzuri na pingili iliyovunjika, na kwake njia ya Roy-Camille na Magerl ina hoja nzito. Bibi wa miaka 70 ambaye L4 imeteleza juu ya L5, na mifupa yake ni myepesi, ana sababu ya kufikiriwa njia ya gamba gumu. Fundi wa kweli ni yule anayezijua zote mbili na kuuacha mfupa uchague.

Tena chuma si tiba yenyewe. Daktari huweka vipande vya mfupa kati ya pingili ili zishikane na kuwa kitu kimoja, na skrubu hukaa zamu kwa miezi wakati mfupa unaota. Mfupa usipoota, chuma kitachoka na kukatika, hata kiwe kimewekwa kwa ustadi wa namna gani. Uvutaji wa sigara huchelewesha uotaji huo. Kwa hiyo ukipangiwa upasuaji wa namna hii, muulize daktari wako maswali matatu: mifupa yangu ina hali gani, skrubu zitapita njia ipi, na kwa nini hiyo. Daktari anayeijua kazi yake hatakereka kuulizwa. Na kama unavuta, acha kabla hujaingia thieta.